Kiti cha Pili

Kiti cha Bwire bado kina shimo la mkao wake.
Alihamishiwa Songwe mwezi wa nne,
akaacha sweta la kijivu mgongoni mwa kiti
na kikombe chenye ufa, ambacho sasa nakinywea.
Walisema mbadala wake yuko njiani.
Njiani!
Vyote vilivyo njiani nimevipanga hapa mezani
kwenye vipande vya karatasi, kimoja kimoja,
kila kimoja na saa yake, na kimo chake angani.
Mbadala hayumo.

Tulikuwa saba kwenye daftari la zamu.
Masalu alistaafu, tukamnunulia godoro.
Nyamhanga alikwenda kusoma, akaolewa na nchi ya watu.
Mmoja moyo ulimsumbua, daktari akamkataza mnara.
Tumebaki watatu, tunagawana usiku na mchana
kama ndugu wanaogawana sato mmoja:
huyu kichwa, huyu mkia,
wa tatu anaramba vidole.

Sinywi maji baada ya saa kumi jioni.
Choo kiko chini, ngazi arobaini na moja,
na rubani hasubiri mtu ashuke ngazi.

Juzi mezani Holo aliniomba chumvi.
Nikamwambia, "Rudia."
Akarudia, polepole, neno kwa neno.
Hakucheka. Ana miaka sita, ameshanizoea.

Alhamisi usiku wingu lilikalia Ukerewe
kama kuku anayeatamia.
Ndege ndogo ilitoka Bukoba na mtoto wa darasa la tatu,
kifua kimembana, muuguzi amemshikia mtungi wa hewa.
Kubwa ilitoka Dar, watu sabini na wawili.
Sauti mbili zikaingia pamoja, zikakwaruzana.
Masikio ninayo mawili.
Nikamwambia wa Dar azunguke.
Akazunguka mara nne, mvua ikimpiga ubavuni,
na mimi namhesabia mafuta kama mkopeshaji,
hadi taa za yule mdogo zikagusa lami
na gari la wagonjwa likawasha king'ora.

Kesho yake Kirumba, kwenye dagaa, mama mmoja akasema:
"Shemeji yangu katapika ndani ya ndege.
Hawa wa huku hata kushusha hawajui."
Nikalipa dagaa wangu.
Nikamwachia chenji.

Lakini hilo silo lililonileta kwenye karatasi.

Ni baadaye, usiku uleule, kulipotulia.
Ziwa halina hata taa ya karabai,
redio inapumua tu.
Saa tisa na dakika kumi na mbili.
Mshale wa sekunde ulikuwa juu ya mbili.
Nilipoutazama tena ulikuwa umepita nne.

Sekunde kumi na moja.
Sijui zilikwenda wapi.
Nikahesabu vipande: hakuna aliye angani.
Nikahesabu tena.
Nikafungua dirisha nipigwe na upepo,
wakaingia wadudu wa ziwani, wingu zima,
wakaijaza taa, wakajaza kikombe cha Bwire.
Kisha nikachukua kalamu, nikaandika daftarini:
*Usiku shwari.*
Mwandiko wangu mzuri. Sengerema nzima waliusifu.

Alfajiri makorongo walitembea kandokando ya lami,
mikono nyuma, kama wakaguzi waliokwishalipwa posho.
Lugata akapanda kunipokea.
Alitoka hapahapa saa nne usiku.
"Kulikuwaje?"
"Shwari."
Akanitazama. Nikayatazama macho yake, mekundu kama yangu,
nikakumbuka ukurasa wa Jumanne,
mwandiko wake uliolala upande:
*Usiku shwari.*
Hatukusema kitu.
Akavuta kiti chake. Kile kingine hatukikalii.

Nikashuka.
Kwenye ngazi ya thelathini nikasikia redio juu ikiita Mwanza.
Kimya.
Nikashika ukuta.
Ikaita tena.
Mguu mmoja ulikuwa umeshageuka kupanda
ndipo sauti ya Lugata,
nzito, kama ya mtu aliyebishiwa hodi akiwa kitandani,
ikaitika.